Chipichipi

Langoni nilitia jina kitabuni.
Safu ya "Atokako" ilikuwa finyu,
nikaandika: mbali.
Don Crisanto akanipima miguu kwa macho,
akaniletea mabuti ya mpira,
la kushoto kubwa kuliko la kulia.
"Msitu haujali viatu," alisema.
"Unauliza magoti."

Ermelinda Tiul akatangulia,
panga kiunoni, asilichomoe hata mara moja.

Mvua ya Verapaz hainyeshi. Inasimama.
Inakaa hewani kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata.
Wenyewe huiita chipichipi,
nami nikacheka peke yangu, maana shati langu
lilikwisha kuwa chepechepe:
lugha mbili zisizojuana
zimeloweshwa na sauti moja.

Tukapanda ngazi za mizizi.
Makangaga marefu kama minazi iliyokosa pwani.
Hakuna mti uliokuwa mti mmoja;
kila tawi limebeba bustani,
okidi ndogo kuliko ukucha wa mtoto,
na yale majani makali, binamu wa nanasi,
kila moja limekinga kisima chake cha kijiko,
na ndani ya kisima kimoja
salamanda anatutazama
kama mwenye nyumba aliyegongewa mlango usiku.

Ermelinda akafinya sufi ya kijani shinani.
Maji yakamchuruzika mpaka kiwikoni.
"Bomba la mama yangu linaanzia hapa," akasema,
akajipangusa kwenye sketi, akaendelea kupanda.

Mimi nilikuja kwa ajili ya ketsali.
Niliahidiwa mkia wake, kijani kinachotiririka.
Saa nzima na robo chini ya mparachichi-mwitu,
shingo nyuma, mdomo wazi, ukungu unaingia.
Kitu kikadondoka. Kokwa.
Limetemwa sasa hivi, bado linang'aa mate.
"Amepita," Ermelinda alisema.
"Amekuachia risiti."

Baada ya kona ya tatu, harufu
ikanifikia kabla ya macho.
Nikauliza: nani anapika chai huku?

Hakuna aliyepika chai.
Msitu ulikatika ghafla, kama sentensi,
na mteremko wote ulikuwa iliki,
majani yamepita vichwa vyetu,
maua yakitambaa chini, karibu na udongo.
"Shamba la baba," alisema. "Lipo nje ya mpaka.
Mialoni mingine aliikata apate nafasi,
mingine aliilisha tanuri la kukaushia."
Alivunja punje, akainusa, akaitupa.
"Sisi hatuili.
Inatiwa gunia, inavuka bahari,
inarudi ikiwa madaftari yetu ya shule.
Huko kwenu mnaifanyia nini?"

Nikamweleza.
Punje tatu, kisu kikilazwa ubavu, pa!
maziwa yakichemka mpaka ukingoni,
asubuhi ya Idi, nyumba nzima
ikiamshwa na pua kabla ya adhana.
Alinisikiliza kama anayesimuliwa
habari za ndugu aliyehama zamani
na kumbe huko aliko amekuwa mtu mkubwa.
"Kwa hiyo ni furaha," alisema.
Nikasema ndiyo.
Nikatazama visiki.
Sikuongeza neno, na yeye hakunisaidia.

Tulishuka bila maongezi, wingu likitufuata
mgongoni, kama ng'ombe anayejua njia ya zizi.

Langoni kitabu kilikuwa na safu nyingine,
"Ulichokiona". Walionitangulia waliandika
ketsali, ketsali, ketsali jike,
mmoja: mke wangu akianguka mara mbili.
Nilishika kalamu muda mrefu
hata Don Crisanto akakohoa.
Nikaandika: kokwa.
Kisha, kwa herufi ndogo zaidi, kitu kingine
ambacho wino ulikikataa, karatasi ikiwa mbichi.

Nikavua buti la kushoto, nikaliinamisha.
Likamwaga kikombe kizima cha wingu
kwenye changarawe.